Milisekunde 100 za nani?

Ukisimika Nagios, programu ya kufuatilia hali ya seva na mtandao, unakuta faili la mfano, localhost.cfg, limeshajazwa namba. Ping, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye mashine na kurudi: tahadhari ikifika milisekunde 100, hatari ikifika 500. Diski: tahadhari nafasi ikibaki asilimia 20, hatari ikibaki 10. Faili hilo liliandikwa kwa ajili ya mashine inayojipima yenyewe. Wengi hulinakili lilivyo, wakabadilisha jina la seva na anwani, basi, kazi imeisha.

Sasa seva iko Frankfurt, na inayoipima iko Dar es Salaam. Hata mtandao ukiwa umetulia tuli, ping kwa kawaida inapita 100, maana safari ya nyaya za baharini ni ndefu. Huduma hiyo itashinda njano, rangi ya tahadhari, na kulala njano. Watu wa zamu wataizoea, na siku mtandao utakapozorota kweli, hakuna atakayegeuza shingo.

Msimamo wangu: namba za tahadhari zitoke kwenye historia ya mashine yako. Iache Nagios iipime wiki mbili bila kutuma ujumbe wowote, uijue kawaida yake. Ikiwa ping ya kawaida ni 160, tahadhari iwe 250. Ni kazi ya kuchosha, sikatai.

Kwenye diski ndiko asilimia zinakodanganya zaidi. Asilimia 10 ya diski ya GB 20 ni GB 2, na logi zikichachamaa zinaimaliza kabla hujapata usingizi. Asilimia 10 ya TB 4 ni GB 400, ambazo huenda zisijae mwaka huu. Programu-jalizi ya check_disk, ndiyo inayopima diski, inakubali kupewa kiasi chenyewe kwa megabaiti, si asilimia tu. Inapima pia ainodi, zile rekodi ambazo kila faili huhitaji moja na idadi yake ina kikomo, jambo linalosahaulika mno: seva ya barua pepe yenye vifaili vidogo vidogo malaki inaweza kuwa na nafasi tele, na bado ikakataa kupokea faili jipya.

Check_load, inayopima mzigo wa kazi kwenye mashine, nayo ina chaguo la -r, linalogawanya mzigo kwa idadi ya kori za prosesa. Mzigo wa 5 kwa mashine ya kori moja ni foleni. Kwa ya kori 32 ni mapumziko. Na kwa sisi ambao laini hukatika dakika moja ikarudi, max_check_attempts, yaani mara ngapi kipimo kirudiwe kabla ya kutuma arifa, isiwe 1 hata kidogo.

Kuna wanaosema heri arifa ya ziada kuliko tatizo lililopita bila kuonekana. Nawauliza: SMS ikiingia saa tisa usiku, aliyeamshwa atafanya nini? Kama jibu ni "ataangalia asubuhi", basi iende kwenye barua pepe. Nagios inaruhusu hilo kwa kila mpokeaji, kupitia service_notification_options: simu ya zamu ipewe c (hatari), barua pepe ipewe w (tahadhari).

Ila katika kupunguza huko, wengi wanaifuta pia u, alama ya "haijulikani", kwa kuwa inaonekana kama porojo. Hapo sikubaliani nao. Programu-jalizi ikirudisha 3, namba ya "haijulikani", kipimo chenyewe ndicho kilichoshindwa, pengine kwa sababu ya ruhusa ya faili iliyobadilika baada ya sasisho. Diski inaweza kuwa inajaa muda huohuo na hakuna anayeipima. Simu ya zamu ipewe c na u.