Kibano cha kunolea na kiburi cha mkono

Katika karakana zetu za samani, iwe Keko pale Dar es Salaam au Gikomba Nairobi, ni nadra kukuta kibano cha kunolea. Utakuta jiwe la pande mbili, mmoja wa chembe kubwa na mwingine laini, kopo la maji au mafuta, na fundi anayeinamisha patasi kwa mazoea. Mwonyeshe kile kidude chenye taya mbili za kubana chuma na kigurudumu chini yake, atakwambia hicho ni cha wanafunzi. Fundi kamili ananoa kwa mkono.

Kauli hiyo ina ukweli wake na nitaufikia. Ila naona kibano kimehukumiwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kukitumia, na wanaokitetea nao wanakitetea vibaya. Wanasema kinarahisisha kazi. Hiyo si hoja kwa mtu ambaye tayari anajua kunoa na anamaliza patasi zake zote kabla ya chai. Uzuri wa kibano ni kwamba kinarudi pale pale. Leo, wiki ijayo na mwakani, makali yatakutana na jiwe kwa pembe ile ile.

Tuchukue muundo unaojulikana zaidi, ule wa Eclipse namba 36 uliotoka Sheffield, Uingereza, ambao sasa unaigwa na viwanda vingi na kuuzwa kwa bei ndogo kuliko ya randa yenyewe. Pembe yake inatokana na urefu wa chuma kinachochomoza mbele ya taya. Kisu cha randa kikichomoza milimita 50, unapata nyuzi 25. Kikichomoza milimita 38, unapata nyuzi 30. Kwa patasi, ambayo inabanwa chini zaidi, ni milimita 40 na milimita 30. Ukipiga hesabu utaona kila milimita moja ni kama nusu ya nyuzi. Kwa hiyo hata ukikosea kidogo kwenye kupima, umekosea kwa kiasi ambacho mbao haitakijua. Mkono nao, hata wa fundi wa miaka mingi, unacheza nyuzi mbili tatu ndani ya msukumo mmoja: ukisukuma mbele mpini unashuka, ukivuta nyuma unapanda.

Mtu atauliza, nyuzi mbili tatu zina shida gani? Kwenye patasi, karibu hakuna, na nadhani hapo ndipo ubishi wote ulipoharibikia. Patasi inasamehe. Iliyonolewa nyuzi 35 badala ya 30 itahitaji nguvu kidogo zaidi ukiisukuma kwa mkono, lakini ukiigonga kwa nyundo kutoboa tundu la ulimi kwenye mninga, makali yake yatadumu kuliko yale membamba. Fundi aliyepandisha pembe bila kujua anapata patasi inayofanya kazi, wakati mwingine inayofanya kazi vizuri zaidi. Anahitimisha kwamba mkono wake hauna kosa.

Sasa achukue mkono huo huo aupeleke kwenye kisu cha randa.

Randa ya kawaida ya chuma, aina ya Stanley namba 4 na namba 5, inakilaza kisu kwa nyuzi 45, mteremko wa makali, yaani ule uso uliosagwa mshazari kuelekea ncha, ukitazama chini. Ukinoa nyuzi 30, kati ya mteremko huo na mbao kunabaki mwanya wa nyuzi 15. Ukinoa 35, mwanya ni 10. Ukifika 40, umebaki na 5. Mwanya huu hautajwi mara kwa mara kwenye mazungumzo ya mafundi, lakini ndio unaoiruhusu randa ikate. Mbao ikikatwa hujikunjua juu kidogo nyuma ya makali, na makali yenyewe, kadiri yanavyotumika, yanalika upande wa chini na kuwa na uviringo mdogo usioonekana kwa jicho. Vyote viwili vinakula ule mwanya. Mwenye nyuzi 15 ana akiba. Mwenye nyuzi 5 anaimaliza baada ya mbao chache tu.

Dalili zake kila mtu aliyeshika randa amekutana nazo. Kisu kimenolewa, kinanyoa nywele za mkono, ukitazama makali hayaakisi mwanga hata kidogo. Unakirudisha kwenye randa, unasukuma, kinateleza juu ya mbao kama hakipo. Unakandamiza, bado. Unakishusha kwa skrubu, kinateleza. Unakishusha tena, ghafla kinauma na kung'oa nyuzi za mbao kwa unene ambao hukuutaka. Hakuna kiasi cha katikati.

Hapo fundi anafanyaje? Anasema kisu ni butu. Anarudi kwenye jiwe. Na kwa kuwa ana haraka na anataka kuyapata makali upesi, anainua mpini kidogo, maana ukiinua, ncha pekee ndiyo inayogusa jiwe na ule ukingo mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili unatokea baada ya misukumo michache. Kidole gumba kinausikia, roho inatulia. Lakini pembe imepanda tena nyuzi moja au mbili, mwanya umepungua tena, na randa itateleza mapema kuliko jana. Jinsi anavyonoa zaidi ndivyo randa inavyokataa zaidi. Nimesikia randa nzuri kabisa zikilaumiwa, zikiuzwa hata, kwa kosa hili ambalo lingeonekana kwa kupima urefu wa mteremko. Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa: mteremko mmoja ulionyooka ukiwa na urefu mara mbili ya unene wa chuma, pembe ni nyuzi 30. Ukiwa kama mara moja na nusu tu, uko karibu na 40, na hilo ndilo jibu la kwa nini randa inateleza.

Mwisho wa mzunguko huo ni grenda. Mteremko umeshakuwa mfupi na mnene, jiwe litachukua muda mrefu kuurudisha, basi kisu kinapelekwa kwenye mashine. Asiyechovya kwenye maji mara kwa mara ataona ncha inageuka buluu. Chuma cha kawaida cha kisu cha randa kinafika rangi hiyo kwenye joto la karibu sentigredi 300, na kikishafika hapo ugumu wake umepungua; makali hayatadumu mpaka sehemu hiyo iliwe yote. Kisu ambacho kingetumika miaka mingi kinakwisha mapema kwa sababu ya nyuzi tano za uzembe.

Kibano kinaukata mzunguko huu mwanzoni. Unasaga mteremko mkubwa kwa nyuzi 25 mara moja, kisha unanoa ukanda mwembamba wa mbele kwa nyuzi 30, usiofika milimita moja. Siku nyingine unarudi kwenye ukanda ule ule, misukumo michache, basi. Chuma unachokula ni kidogo mno. Mkono unaweza kuukaribia ukanda huo, lakini kurudi juu yake kwa usahihi mara zote ni kazi nyingine, na ndiyo maana wanaonoa kwa mkono wengi huishia kunoa mteremko mzima.

Mbao zetu zinaongeza uzito wa jambo hili. Mtiki una chembe za silika zinazokula makali. Mvule unaweza kuficha mawe halisi ya chokaa ndani yake. Kisu kikilikuta jiwe hilo kinatoka na pengo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Anayefanya kazi na paini anaweza kunoa mara chache na kusahau. Anayefanya kazi na mtiki ananoa siku nzima, na kila anaponoa kosa lake la pembe linaongezeka juu ya lile la jana.

Upande wa mkono sasa. Wapo wanaonoa kwa mkono kwa ustadi ambao kibano hakiugusi, na wala si kwa bahati. Mafundi wa Japani wananoa patasi zao kwa mkono kwa sababu zimetengenezwa kwa hilo: chuma kigumu chembamba kimeunganishwa na chuma laini, mteremko ni mpana, na ukiulaza juu ya jiwe unakaa wenyewe bila kuyumba. Uingereza wapo wanaonoa makusudi kwa mteremko wenye mbinuko. Wanaanza na nyuzi 30 kwenye ncha na kushusha mkono kila wanaposukuma. Mbinuko wa namna hiyo hauna ubaya wowote. Uko nyuma ya makali, na mwanya unabaki mkubwa. Ubaya ni pale mkono unapopanda badala ya kushuka, na ukitazama kwa mbali misukumo hiyo miwili inafanana.

Tena kuna kazi ambazo kibano hakina la kusema. Patasi za mviringo za wachonga milango ya Lamu na Zanzibar haziingii kwenye taya zake. Tezo ya fundi wa majahazi haiingii. Kisu cha randa kilichonolewa kwa upinde kwa ajili ya kukwangua mbao mbichi kinakisumbua. Patasi nyembamba, ya milimita 6 kushuka, inayumba juu ya kigurudumu na kutoka ikiwa imelala upande. Mchonga vinyago wa mpingo aliyefundishwa kunoa kwa kibano tu angekuwa amefundishwa kazi ya watu wengine.

Lipo na suala la muda ambalo watetezi wa kibano hulipita haraka. Katikati ya kazi, patasi ikianza kugoma, fundi wa mkono anageuka, misukumo mitano juu ya jiwe, anageuza mgongo, ule upande bapa usio na mteremko, mara moja, anaendelea. Mwenye kibano anakitafuta, anapima, anakaza skrubu. Ubao wenye vituo unasaidia: unapigilia vipande viwili vya mbao kwenye ubao mmoja, kimoja milimita 30 kutoka ukingoni na kingine milimita 38, unasukuma ncha ya chuma mpaka igote, unakaza. Hapo kupima kumekwisha. Hata hivyo ni hatua ya ziada, na kwenye karakana inayolipwa kwa kipande hatua ya ziada ni pesa.

Jambo linalowaudhi zaidi mafundi wa mkono, na wana haki, ni kwamba mwanafunzi wa kibano husahau mgongo. Kifaa kinashughulika na mteremko tu. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili zinakutana, na kama mgongo wa patasi una mikwaruzo au umebinuka, hata mteremko uliong'aa kama kioo hautaleta makali. Kazi ya kuunyoosha mgongo ni ya mkono kwa vyovyote vile, bapa juu ya jiwe. Nimeona patasi zenye mteremko wa kupendeza na mgongo wenye kutu.

Lakini pingamizi zito kuliko yote kwa karakana zetu nadhani ni jiwe lenyewe. Mawe mengi tunayotumia yana bonde katikati kwa miaka ya kunolewa pale pale. Mkono unalizoea bonde hilo na kulifuata. Kibano hakijui, kigurudumu kinapanda na kushuka humo na pembe inabadilika nacho, na kisu kipana kinatoka na upinde usioutaka. Watu wengi waliojaribu kibano mara moja na kukitupa walikijaribu juu ya jiwe la namna hii. Kifaa hakikushindwa, kilionyesha kwamba jiwe limekufa. Ukilisugua juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka kwa mchanga na maji, au juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo kinene, linarudi. Na mwenye fedha za kitu kimoja tu anunue jiwe jipya kabla ya kibano. Bila jiwe bapa, hivyo vidude vyote ni mapambo.

Vibano vya bei ya chini navyo vina yake. Taya zake hutoka kiwandani zikiwa na rangi nene au hazilingani, patasi inakaa upande na makali yanatoka yamekwenda mshazari. Dakika chache za tupa zinatosha kulirekebisha hilo, lakini anayenunua akidhani amenunua kitu kilichokamilika atarudi kwenye mkono akiwa na hasira.

Kwa hiyo sielewi kwa nini inabidi mtu achague kambi. Kijana anayeanza ufundi apewe kibano kwa ajili ya kisu cha randa, kwa sababu hapo ndipo kosa la pembe linapojificha na kumfundisha vibaya. Atajua randa inayokata inavyosikika na inavyosukumwa, na baadaye mkono wake ukipanda ataihisi tofauti. Patasi anoe kwa mkono tangu siku ya kwanza. Zile pana zitamsamehe wakati anajifunza, na zile nyembamba kibano hakiziwezi hata hivyo.