Kituo chuoni, jina kijijini

Hoja ya kuweka vituo vya kupigia kura ndani ya vyuo vikuu hapa Uganda inapendeza masikioni. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, anatoka hosteli yake mtaa wa jirani wa Kikoni, anapiga kura, anapitia Wandegeya kununua rolex, ile chapati ya mayai, anarudi kulala. Nani atapinga?

Swali langu: siku hiyo atakuwepo? Mwaka 2011 na 2016 tulipiga kura Februari 18, wakati ambao kwa kawaida muhula wa pili huwa umeanza. Sasa kura imesogea: Januari 14 mwaka 2021, Januari 15 mwaka 2026. Katikati ya Januari wanafunzi wengi wako kwao likizoni.

Na hata akiwepo, jina lake liko wapi? Sheria inamruhusu mtu ajiandikishe kwenye parishi, yaani eneo dogo la utawala, anakotoka au anakoishi, na anayetaka kuhama sharti aombe daftari la wapiga kura linapofanyiwa marekebisho, miezi kadhaa kabla ya kura. Kijana aliyeandikishwa Arua, kaskazini-magharibi mwa nchi, akiwa sekondari atabaki mpiga kura wa Arua. Kituo kikiwekwa hata chini ya dirisha la hosteli yake, mashine ya alama za vidole haitamtambua.

Wapo wanaosema wanafunzi ni wapita njia, wasiwachagulie wenyeji mbunge. Hoja hiyo hainiingii. Wanalipa kodi ya nyumba, wanakanyaga tope lilelile. Dereva wa boda aliyehamia mwaka jana mbona haulizwi?

Hofu ya usalama ndiyo nzito. Julai 2022 kampeni za uongozi wa wanafunzi Makerere ziligeuka vurugu, mwanafunzi mmoja akauawa, uchaguzi ukasitishwa. Kuna na suala la geti, ambalo silisikii likitajwa. Vituo vyetu vingi viko peupe, chini ya mwembe au uwanjani. Ikifika saa kumi jioni kura zinahesabiwa pale pale, karatasi inainuliwa juu, watu wanaitikia kwa sauti. Chuoni kuna askari mlangoni anayeuliza kitambulisho. Mama muuza mkaa wa jirani, mpiga kura wa parishi hiyohiyo, ataruhusiwa kuingia kusimamia kura yake kwa macho?

Kwa hiyo mimi ningeanza na daftari. Tume ya Uchaguzi ilete dawati la uhamisho chuoni wakati wa marekebisho, vyuo vikiwa vimejaa, anayetaka kupigia kura Kampala ahamishe jina, anayetaka Arua aliache huko. Majina yakishahesabiwa, ndipo tujue kama kituo kinahitajika, na kikae ndani ya geti au nje yake.