Tuazime mpangilio wao, vioo tuwaachie

Kazi yangu hapa California ni mifumo ya hewa ya majengo ya maabara, na kwetu ni Tanga, Chumbageni. Kila nikionyeshwa mchoro wa maabara inayotarajiwa kujengwa pwani yetu, ukiwa na vioo kuanzia sakafuni hadi paani, naumia. Kwa jua lile la Tanga? Tunaiga sura ya majengo ya huku na kuliacha lile hasa linaloyafanya yafae.

Chukua Salk Institute, hapa hapa San Diego. Jonas Salk, yule wa chanjo ya polio, alilifikiria jengo hilo pamoja na mbunifu Louis Kahn, likakamilika 1965. Wapiga picha wanapenda ua wake unaotazama bahari. Akili ya jengo iko mahali ambapo wageni hawapaoni: juu ya kila ghorofa ya maabara kuna ghorofa nzima ya mabomba, nyaya na njia za hewa, na mtu anasimama wima ndani yake. Fundi anabadilisha bomba huko juu, mtafiti chini anaendelea na shughuli zake. Kumbi zenyewe zina upana wa karibu mita 20 bila nguzo katikati. Utafiti ukibadilika, zinahamishwa meza, haubomolewi ukuta.

Nyumbani niliingia kwenye maabara moja, siitaji, nikakuta ukuta wa korido umechimbwa kwa tindo kutoka mlangoni hadi chumba cha mwisho ili bomba lipite, kisha ukazibwa kwa plasta isiyopakwa rangi. Na jengo lilikuwa bado jipya. Siwalaumu mafundi. Mchoro ulipitishwa kama wa ofisi, vifaa vikaja baadaye, na mteknolojia wa maabara akaja kuulizwa anataka soketi ngapi wakati rangi imeshakauka.

Huku, kabla mstari haujachorwa, wanaitwa watafiti, wateknolojia, mtunza friza, hata wafanya usafi. Sampuli inaingilia mlango gani? Taka zinatokea wapi? Nani anapishana na nani koridoni akiwa amebeba nini? Ni vikao vya kuchosha, na ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoiheshimu kuliko zote. Vikao vya namna hiyo tunaviweza hospitali ya Bombo pale Tanga, au Bagamoyo, bila kusubiri mfadhili.

Yasiyobebeka ni mahesabu yao. Kwenye maabara ya vimelea hatari, hewa lazima ivutwe kutoka koridoni kuingia chumbani, ili vimelea visitoke, na inapotolewa nje ipite kwenye filta zinazonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Hairudishwi ndani. Kwa hiyo saa zote unaingiza hewa mpya. San Diego hewa hiyo haina joto kali wala unyevu mwingi, inatusumbua kidogo tu. Tanga mwezi wa tatu, kaskazi inapokatika, hewa imeshiba maji. Inabidi uipoze mpaka iyaachie, halafu uipashe kidogo ndipo iingie chumbani. Ukihamisha hesabu ya California kama ilivyo, utavuna ukungu kwenye dari.

Halafu chumvi. Kwa mjomba wangu Raskazone, kiyoyozi kimefungwa ukuta unaotazama bahari. Niligusa mapezi ya alumini ya ile mashine ya nje yakasagika vidoleni kama majivu. Hapa ndipo pa kumwaga hela: koili zilizopakwa kinga, mashine zikae upande usiopigwa na upepo wa bahari, jenereta iwe na mafuta, na friza za nyuzi 80 chini ya sifuri ziwe kwenye laini ya jenereta hiyo tangu siku ya kwanza.

Na mbao, jamani! Madirisha ya Salk yamezungushiwa mbao za mtiki, zikapigwa na upepo wa Pasifiki kwa miaka 50 hivi ndipo zikafanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2017. Mitiki tunayo Longuza, pale Muheza. Kwa nini basi kila mchoro unakuja na alumini?

Sidharau kwetu. Taasisi ya utafiti ya Amani, juu Usambara Mashariki, ilianzishwa na Wajerumani 1902. Watoto wa Korogwe na Bagamoyo walikuwemo kwenye majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009, na WHO ikaipendekeza 2021. Watu waliofanya kazi ya uzito huo wanastahili jengo lililofikiriwa kwa ajili yao na kwa hali ya hewa yao.

Ndugu zangu mnaoandaa zabuni, fundi wa matengenezo awemo kwenye kikao cha kwanza, na neno lake liandikwe. Kabla ya kukata utepe, zimeni umeme mchana wa Machi, msimame mlangoni na kipimo mwone hewa inaelekea wapi. Ikigeuka kuja koridoni, mkandarasi asimaliziwe malipo mpaka arekebishe.