Naishi kwenye bandari iliyouawa na mafuta

Kila nikipiga simu nyumbani Ngamiani, Tanga, mdogo wangu ananichokoza: "Kaka, huko Ulaya nako kuna bandari iliyolala kama Tanga?" Nikimwambia kwamba naishi kwenye iliyolala kuliko ya kwetu, anacheka. Anadhani najitetea mapema nisiombwe hela.

Mji wenyewe unaitwa Barry, kusini mwa Wales, kama nusu saa kwa treni kutoka Cardiff. Nilianza kwa kubeba maboksi kama wengine, siku hizi nahudumia wazee. Hao wazee ndio walionifungulia habari za mji huu, maana ukimwogesha mtu aliyekuwa kuli bandarini, atakusimulia tu.

Mwaka 1881 hapa palikuwa na vijiji, watu hawakufika hata 500. Makaa ya mawe yalichimbwa juu huko kwenye mabonde ya Rhondda, yakashushwa kwa reli hadi Cardiff, na gati za Cardiff zilikuwa mali ya bwana mkubwa mmoja, Marquess wa Bute. Foleni ndefu, tozo kubwa. Wenye migodi wakachoka. Mmoja wao, David Davies, aliyeanza maisha kwa kupasua mbao, akaungana na wenzake wajenge bandari yao na reli yao. Bunge liliwakatalia 1883, likawakubalia 1884, na Julai 1889 meli zikaanza kuingia. Kufika 1913 yalipita hapa makaa zaidi ya tani milioni 11 kwa mwaka, na wakazi walishapita 30,000. Sanamu ya Davies ipo hadi leo mbele ya jengo la ofisi za bandari, anasoma ramani yake. Napita hapo nikienda zamu ya usiku. Huwa namwonea huruma kidogo, meli zenyewe ni za kuhesabu.

Mtu wa pwani atashangazwa zaidi na maji. Kwetu bamvua likija sana halifiki mita tano. Hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 10, hivyo meli ilibidi zifungiwe ndani kwa milango mikubwa, la sivyo zingebaki zimekaa kwenye tope kama ngalawa za Deep Sea kule Tanga maji yakitoka.

Na mabaharia walikuwa wa kila rangi. Mwaka 1919 alizaliwa hapa Barry mtoto wa Msomali mmoja, Abdulrahim Abby Farah, ambaye baadaye alikuja kuwa balozi wa Somalia Umoja wa Mataifa, kisha mmoja wa wasaidizi wakuu wa Katibu Mkuu. Mwaka huohuo wazungu walifanya fujo dhidi ya weusi kwenye miji ya bandari ya Wales, Barry ikiwamo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikwisha, kazi zikapungua, wakatafuta wa kumlaumu. Ukisikia kelele za leo kuhusu wageni, jua wimbo ni wa zamani.

Kilichoiua bandari si uvivu. Manowari na meli za mizigo zilihamia kwenye mafuta, na baada ya vita Ujerumani ikalazimishwa kuwapa Ufaransa na Italia makaa kama fidia, wateja wakapotea. Sisi wa Tanga vijiweni tunagombana miaka yote kuhusu nini kiliua mkonge: ni utaifishaji wa mashamba wa 1967, ni mameneja, ni sisi wenyewe. Kila sababu ina ukweli wake. Lakini kamba za plastiki zingekuja tu, hata kama mashamba yote yangebaki kwa wenyewe wa zamani, Wagiriki na wenzao. Mkonge uliletwa kwetu 1893, mwaka uleule reli ya Tanga ilipoanza kujengwa, na mji mzima ukategemea marobota ya katani yaliyobebwa kwa matishari hadi melini. Mzigo mmoja, kama Barry.

Tofauti naiona baada ya msiba. Kuli wa Barry alipokosa kazi alikuwa na pensheni, na mwanawe alipanda treni asubuhi akafanye kazi Cardiff, jioni akarudi kulala kwao. Wa kwetu alipanda basi la Dar, hajarudi. Usije ukafikiri mji ulijiokoa kwa mipango, maana mengine yalikuwa bahati tupu. Kulikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, Dai Woodham, aliyenunua vichwa vya treni za mvuke karibu 300. Akawa anakata mabehewa kwanza kwa sababu ndiyo rahisi, vichwa vikasubiri vikiota kutu. Wapenzi wa treni wakaja kuvinunua kimoja kimoja, 213 vikapona, na vingine vinabeba watalii mpaka leo. Uzembe kidogo umefanya kazi ya makumbusho!

Ufukweni kulikuwa na kambi ya likizo ya Butlin's tangu 1966, nayo ikafungwa 1996. Jua likiwaka watu wanamiminika na watoto na chipsi zao, jioni hao. Ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, huku umepata wenyewe. Kazi za maana zilibaki viwandani, na 2025 kampuni ya kemikali ya Dow ikatangaza kwamba itafunga sehemu ya kiwanda chake hapa.

Sasa mdogo wangu hana habari nyingine ila bomba la mafuta. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, ufukweni mwa Tanga, mafuta ghafi yaje kupakiwa Tanga. Nilimsimulia mzee mmoja nikimlisha uji. Akanyamaza, kisha akauliza: "Mafuta tena?"

Mdogo wangu anataka nimtumie hela ya kiwanja cha pili Chongoleani. Nimemtumia nusu. Nusu nyingine nimempelekea mama aezeke upya vyumba vya wapangaji Ngamiani, na tangu juzi dogo hapokei simu zangu.