Jibini ya huku na jibini ya nyumbani: tofauti iko kwenye maziwa, si kwenye mikono

Watu wengi wanaoishi ughaibuni wakishajifunza kutengeneza jibini huku, hupanga kwamba wakienda likizo watawatengenezea ndugu ileile kwa hatua zilezile. Inakataa. Na aliyejifunza nyumbani akija huku, akainunua pakiti ya kwanza ya maziwa anayoiona dukani, anaishia na uji usioganda. Wote wawili hujilaumu bure. Kwa maoni yangu jibini inayofaa nyumbani ni changa, ya kuliwa siku hiyohiyo na watu wengi, na inayofaa ughaibuni ni ya chumvi, ya kuvumilia friji kwa watu wachache. Anayelazimisha moja iwe nyingine anamwaga maziwa.

Nianze na maziwa ya huku, maana hapo ndipo watu wanapokwama zaidi. Pakiti inayokaa miezi nje ya friji haifai kwa jibini ya reneti, yaani ile inayogandishwa kwa kimeng'enya kiitwacho reneti. Maziwa hayo yamepitishwa kwenye joto la nyuzi 135 za Selsiasi au zaidi kwa sekunde chache, na joto hilo huharibu protini zinazobaki kwenye maji ya maziwa, zikang'ang'ania zile protini ambazo reneti huzifanyia kazi. Reneti inakosa pa kushika. Kuiongeza hakusaidii, kunaleta uchungu tu. Tafuta maziwa ya kwenye friji, yaliyopashwa kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15. Hata hayo yana kasoro mbili: kupashwa na kupozwa kumepunguza kalisi iliyo tayari kusaidia kugandisha, na mara nyingi matone yake ya mafuta yamevunjwavunjwa kwa shinikizo ili malai isielee juu. Gando lake, yaani yale maziwa yakishaganda, huwa laini, linachanika. Dawa ya kalisi ni rahisi: kwa lita 4, robo kijiko cha chai cha maji ya kloridi ya kalisi, ichanganye na vijiko vichache vya maji safi, uikoroge kwenye maziwa kabla ya reneti. Usizidishe, jibini itakuwa chungu. Mafuta yaliyovunjwa hayarudi yalivyokuwa. Ukipata maziwa ambayo malai inapanda juu yenyewe, chukua hayo hata kama duka liko mbali.

Maziwa ya nyumbani yanayotoka moja kwa moja kwa mfugaji hayana shida hizo. Yanaganda vizuri na mafuta yake yote yamo. Yana maswali mengine, na ni lazima uyaulize kabla ya kuwasha moto. Ng'ombe amechomwa sindano ya antibiotiki? Dawa hiyo huua bakteria wa mtindi unaoutegemea, kwa hiyo jibini ya reneti haipati uchachu. Jibini ya limau, inayogandishwa kwa asidi ya limau au siki, kwa upande wake, itaganda kana kwamba hakuna kitu, na dawa itamfikia mlaji. Subiri hadi siku zilizoandikwa na mtengenezaji wa dawa zipite. Amezaa wiki hii? Dang'a haifai, huganda ovyo mara tu ikipata moto. Kiwele kimevimba, au maziwa yana nyuzinyuzi na ladha ya chumvi? Yaache. Yameongezwa maji? Hutaumwa kwa hilo kama maji ni safi, ila gando litakuwa dhaifu na jibini itapungua.

Halafu kuna vijidudu. Naheshimu sana wanaopenda jibini ya maziwa mabichi kwa ladha yake, lakini bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na mtu hawezi kujua kwa kunusa. Pasha hadi nyuzi 63 na uyashikilie hapo dakika 30, kisha weka sufuria kwenye beseni la maji baridi yapoe haraka. Kama kipimajoto hakipo, tengeneza jibini ya limau, kwa sababu yenyewe hudai joto la kukaribia kuchemka. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuipigia debe kwa matumizi ya nyumbani. Ya pili ni kwamba inakamilika kabla wageni hawajamaliza kusalimiana.

Kwa lita 5 za maziwa andaa mililita 150 za maji ya limau yaliyochujwa, au siki ya asilimia 5, uongeze maji kiasi hichohicho. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Alumini hupambana na asidi na kuacha ladha ya bati. Moto uwe wa wastani, na upawa ukwangue chini muda wote, maana maziwa yakishika chini harufu ya kuungua haitoki tena. Mvuke ukiwa mzito na vipovu vikizunguka ukingoni, yaani nyuzi 85 hadi 90, epua. Mimina theluthi ya asidi, koroga mara mbili tatu taratibu, subiri nusu dakika, endelea. Acha kumimina mara tu maji yanapokuwa ya kijani-manjano na unaweza kuona ndani yake. Kama bado ni meupe baada ya asidi yote kwisha, rudisha motoni kidogo na uongeze kijiko kimoja kimoja. Kosa kubwa hapa ni kukoroga kwa nguvu: mabonge yanakuwa chenga, chenga zinapita kwenye kitambaa. Funika dakika 10, mimina kwenye kung'uto lililotandikwa kitambaa cha pamba, acha yadondoke. Chumvi itiwe baada ya maji kutoka, gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya jibini. Ukiitia mapema, inaondoka na maji. Funga, weka uzito wa kilo 2 au 3 kwa saa moja au mbili. Utapata kati ya gramu 700 na kilo 1, ikitegemea mafuta na jinsi ulivyokamua. Haiyeyuki kwenye moto, hivyo inakaangwa na kuchomwa bila kupoteza umbo.

Ya reneti ni kazi ya siku nzima, na ughaibuni inalipa kwa sababu inatunzika. Maziwa lita 4 kwenye nyuzi 32, vijiko 4 vya mezani vya mtindi wenye bakteria hai, dakika 45 za kutulia. Kisha kalisi, kisha reneti kwa kipimo cha kwenye chupa, ikiwa imechanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba yenye klorini huiua reneti, na watu wengi hawajui kwamba hapo ndipo jibini yao ilipofia. Koroga kutoka chini kwenda juu kwa muda usiozidi dakika moja, halafu usiiguse sufuria kwa dakika 45. Chomeka kisu na ukiinue: gando likipasuka kwa mstari safi na maji maangavu yakajaa kwenye ufa, liko tayari. Likiwa kama uji, ongeza dakika 10 badala ya kuanza kukata. Kata vipande vya sentimita 1 na nusu, vipumzishe dakika 5, kisha pandisha joto hadi nyuzi 38 polepole, kwa nusu saa nzima. Ukiharakisha, nje ya vipande hukaza na maji hufungwa ndani, na jibini itachacha vibaya. Mabonge yakianza kuelea yakiwa na vitundu kama sifongo, vijidudu vya uchafu vimeingia. Mwaga vyote.

Jibini ikishachujwa kwa kitambaa, ikakandamizwa usiku kucha na kupakwa chumvi, izamishe kwenye maji ya chumvi, gramu 80 hadi 100 kwa lita, ndani ya friji. Tia humo kijiko cha chai cha kloridi ya kalisi na kijiko cha siki. Bila hivyo, kalisi ya jibini hutoka taratibu kuingia kwenye maji, na uso wake unakuwa utelezi.

Kugawana nako kunatofautiana. Huku lita 4 hutoa karibu nusu kilo, watu wawili wanaila wiki mbili, kipande kwa kipande. Nyumbani kilo moja inamalizwa na watu 12 kwenye sinia moja, na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu jibini changa nje ya friji isizidi saa 2, na kwenye joto kali isizidi saa 1. Kabla ya kutia chumvi tenga fungu la babu na bibi wenye shinikizo la damu. Mjamzito apewe ile tu ambayo maziwa yake yalipashwa, ikiwa ya siku hiyo. Shangazi anayesema maziwa yanamvuruga tumbo aanze na kipande kidogo: sukari nyingi ya maziwa huondoka na yale maji, lakini kwenye jibini changa haiishi yote.

Usibebe jibini kwenye sanduku la safari. Nchi nyingi huzuia msafiri kuingia na vyakula vya maziwa, na hata isipozuiwa itafika imeharibika. Vinavyofaa kuwaachia wadogo zetu nyumbani ni kipimajoto, vidonge vya reneti, ambavyo huvumilia joto la njiani kuliko ya maji, na vitambaa viwili vya pamba. Waonyeshe pia kuvifua: kwanza kwa maji baridi hadi mabaki yote yatoke, ndipo vichemshwe. Maji ya moto yakitangulia, protini hugandia kwenye nyuzi na kitambaa hakichuji tena.