Bahasha ya Siku ya Kwanza Ipite Posta Kwanza

Katika sanduku langu kuna bahasha mbili ninazoziweka pamoja makusudi. Zote zina stempu ileile ya Marekani ya senti 4, ya kampeni ya kutokomeza malaria, na zote zimepigwa muhuri Washington tarehe 30 Machi 1962, siku ambayo stempu hiyo ilitoka. Moja ni safi kana kwamba imechapwa leo asubuhi: haina anwani, haina mkunjo, wala haijawahi kubeba kitu ndani. Nyingine ina anwani kwa mwandiko wa mkono, kona yake moja imechakaa, na ukingo wa juu umechanwa vibaya na mtu aliyekuwa na haraka ya kusoma kilichomo.

Wauzaji wengi wataipa ile safi alama za juu. Ningelazimika kubaki na moja tu, ningebaki na iliyochanika, na wala nisingefikiri mara mbili.

Kwa asiyezoea mambo haya: stempu za kawaida huchapwa tena na tena kila akiba inapopungua. Za kumbukumbu hutolewa kwa ajili ya tukio, mtu au kampeni fulani, kwa kawaida huchapwa kwa awamu moja, na zikiisha zimeisha. Bahasha ya siku ya kwanza ni ile iliyobandikwa stempu mpya na kupigwa muhuri siku ileile stempu ilipoanza kuuzwa. Mara nyingi upande wa kushoto huwa na mchoro unaoeleza tukio lenyewe. Hoja yangu ni fupi. Bahasha hiyo inakamilika pale inapopelekwa mahali. Isipopelekwa, tuna picha nzuri yenye tarehe, na picha nzuri si jambo baya, lakini si barua.

Ukirudi mwanzo kabisa utaona ninachokitetea. Stempu ya kwanza ya kubandika duniani, Penny Black ya Uingereza, ilianza kuuzwa tarehe 1 Mei 1840, lakini ilikuwa halali kutumika kuanzia tarehe 6. Zipo barua chache zilizotangulia tarehe hiyo, maarufu kati yake ikiwa ile iliyotumwa kutoka mji wa Bath tarehe 2 Mei. Aliyeituma hakuwa akitengeneza kumbukumbu. Alikuwa na stempu mkononi na barua ya kutuma, akabandika, akatuma. Karani naye akaipokea. Haraka hiyo ya watu wawili wasiojuana imehifadhiwa kwenye karatasi hadi leo, na ndiyo inayowafanya wakusanyaji waitafute kwa udi na uvumba.

Utaratibu wa kutangaza siku na mahali stempu itakapozinduliwa ulikuja baadaye sana. Nchini Marekani, mfano unaotajwa zaidi ni stempu ya kumkumbuka Rais Warren Harding, iliyotolewa tarehe 1 Septemba 1923 huko Marion, Ohio, mji wa nyumbani kwake. Siku hiyo mchapishaji George Linn alitengeneza bahasha zenye maneno ya maombolezo upande wa kushoto, na wengi huzihesabu kuwa za kwanza zenye mchoro au chapa ya aina hiyo. Muhuri wenye maneno rasmi ya kutangaza siku ya kwanza ulianza kutumika huko mwaka 1937. Tangu hapo mkusanyaji alijua mapema aende wapi, lini, na abebe bahasha ngapi.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kunikera. Mtu anapojua mapema kwamba kitu kitakuwa kumbukumbu, anakitengeneza kiwe kumbukumbu. Bahasha zikaanza kupigwa muhuri kwa maelfu na kurudishwa mikononi mwa mwenyewe papo hapo, au kutumwa ndani ya bahasha nyingine ili zisiguswe na vumbi. Wapo walioandika anwani kwa penseli hafifu, na bahasha ikishafika wakaifuta. Nimeziona nyingi za namna hiyo. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, jina la mtu linaonekana bado, limekandamizwa kwenye nyuzi za karatasi. Kila nikiona hivyo nasikitika. Kilichofutwa ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Tamaa hii ya kutengeneza vitu kwa ajili ya droo za watu haikuanza na bahasha. Kuanzia mwaka 1889, mfanyabiashara wa uchapaji wa New York, Nicholas Seebeck, aliingia mikataba na nchi kadhaa za Amerika ya Kati na Kusini, zikiwemo Honduras, Nikaragua, El Salvador na Ekuado. Yeye angewachapia stempu bila malipo, kila mwaka toleo jipya. Nchi hizo nazo, mwaka ukiisha, zingefuta matumizi ya stempu za zamani na kumwachia masalio ayauze kwa wakusanyaji. Hasira zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1895 wakusanyaji wa London waliunda chama cha kupinga stempu za biashara ya namna hiyo. Na bado mchezo uliendelea kwa sura nyingine. Hadi leo utakuta stempu zilizopigwa muhuri kwa oda, laha nzima (karatasi ya stempu nyingi ambazo hazijatenganishwa) kwa mpigo mmoja, robo ya duara imeangukia kona ya kila stempu kwa unadhifu wa ajabu. Igeuze uone mgongo: gundi yote ipo. Muhuri unasema imetumika, gundi inakanusha.

Bahasha maarufu kuliko zote za aina hii zilisafiri mbali kuliko barua yoyote. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walibeba hadi mwezini bahasha 398 bila idhini, na 100 kati yake zikaishia kwa mfanyabiashara wa stempu wa Ujerumani. Walichukuliwa hatua za nidhamu. Ninaelewa kwa nini watu wanazitamani, kwani zimefika mahali ambapo karibu hakuna karatasi nyingine iliyofika. Lakini barua zilizoandikiwa mtu hazikuwa.

Ngoja nirudi kwenye malaria, maana ndiyo mada ninayoikusanya kwa miaka mingi na ndiyo iliyonifundisha haya yote. Mwaka 1962 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zitoe stempu za kuunga mkono kampeni ya kutokomeza ugonjwa huo, iliyokuwa imeanza mwaka 1955. Zaidi ya nchi 100 ziliitikia. Nyingi zilichagua tarehe 7 Aprili, Siku ya Afya Duniani, na nembo ya kampeni, yenye mbu na dunia, ikatokea kwenye stempu za kila rangi. Baada ya hapo wenye tamaa nao wakaingia: matoleo yasiyo na meno, yaani vitundu vya kuchania pembeni, laha ndogo za ukumbusho, rangi zilizobadilishwa ili mkusanyaji anunue stempu ileile mara tatu.

Sasa jiulize unataka nini kutoka kwa toleo kama hilo. Ukitaka orodha kamili, utanunua miaka kumi na hutamaliza. Mimi nilichoka na orodha nikaanza kutafuta bahasha zilizotumwa, moja kwa kila nchi, na mlango mwingine ukafunguka. Anwani inakuambia barua ilikwenda wapi. Thamani ya stempu inakuambia kama ilikwenda kwa ndege au kwa meli, kama ilikuwa nzito, kama mtumaji alizidisha kwa sababu alitaka stempu zote mbili za toleo zionekane. Bahasha moja niliyo nayo ina anwani ya hospitali. Nilikaa nayo kwa muda mrefu siku nilipoipata. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba katika nchi nyingi lengo la kutokomeza lisingefikiwa kwa wakati ule, na malaria iko nasi hadi leo. Lakini siku ile ya mwaka 1962 mtu alibandika tumaini hilo kwenye bahasha na kulituma kwa watu waliokuwa wakiwatibu wagonjwa. Bahasha tupu isiyo na jina isingenipa hilo kamwe.

Mwaka huohuo lilitokea jambo lingine ambalo kila mkusanyaji anapaswa kulijua. Stempu ya Marekani ya kumkumbuka Dag Hammarskjöld, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilitoka Oktoba 1962, na laha chache zikagundulika kuwa rangi ya njano imechapwa juu chini. Waliozipata walijiona wameokota dhahabu. Mkuu wa posta wa Marekani, J. Edward Day, akaamuru kosa hilo lichapwe makusudi kwa mamilioni, na uadimu ukayeyuka. Wengi walimlaumu. Mimi ninaona aliwakumbusha watu kwamba uadimu unaweza kutengenezwa na kufutwa na mtambo. Njia ambayo bahasha moja imepitia haiwezi kurudiwa na mtambo wowote.

Wanaopenda bahasha safi wana hoja, na sitaki kuipuuza. Michoro mingine ya upande wa kushoto imefanywa na wasanii hodari, na muhuri uliotua vizuri ni kitu cha kupendeza macho. Isitoshe, mitambo ya posta siku hizi ina ukatili wake. Huweza kuchana, kupaka wino mweusi, au kupitisha stempu bila muhuri kabisa. Wakati mwingine karani huvuta mstari wa kalamu juu ya stempu, na moyo unapasuka. Ndiyo sababu naomba kwa heshima dirishani wapige muhuri kwa mkono, kisha naiachia iende zake.

Kwa anayetaka kuanza: chagua mada moja unayoipenda kweli, si nchi nzima. Siku stempu inapotoka, tumia bahasha imara, weka kadi ngumu ndani ili isikunjike, andika anwani kwa wino, na uandike barua. Hata mistari mitatu. Mwombe mwenzako wa nchi nyingine afanye hivyo kwako. Wakati wa kuhifadhi, shika stempu kwa kibano, usitumie kamwe utepe wa gundi, na jihadhari na vifuko vya plastiki laini yenye PVC. Nilipoteza bahasha kumi na moja kwa vifuko hivyo. Plastiki ilitoa mafuta, ikanata, na nilipovuta, rangi ya stempu ikabaki kwenye kifuko. Tatu kati yake zilikuwa na barua ndani. Sasa barua hizo nimeziweka peke yake kwenye karatasi isiyo na asidi, nimeandika kwa penseli stempu zake zilivyokuwa.

Ile ya Washington iliyochanika bado ina karatasi yake pia. Ni ukurasa mmoja, umekunjwa mara mbili, na mstari wa kwanza unamuuliza mpokeaji kama homa imepungua.