Matofali ya Lübeck si dalili ya umaskini

Makala inadai kwamba kanisa la Marienkirche la Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, lilijengwa kwa matofali ya kuchoma kwa kuwa wenyeji hawakumudu bei ya mawe, nami dai hilo siliafiki hata kidogo. Kanisa lilipokuwa likijengwa, katika karne ya 13 na ya 14, Lübeck ndio uliokuwa mji ulioongoza umoja wa wafanyabiashara wa Hansa, na fedha hazikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba tambarare ile haina miamba ya kuchonga, ilhali udongo wa mfinyanzi umejaa tele. Matajiri hao walilisimamisha kanisa lao kando ya soko na jumba la baraza la mji, wakishindana waziwazi na kanisa kuu la askofu, na wakainua dari la matao hadi mita 38.5, kimo ambacho hakuna dari jingine la matao ya matofali duniani lililokifikia. Nilipolizuru, kilichonishika zaidi ni kengele zilizoporomoka katika mnara wa kusini usiku wa Jumapili ya Matawi mwaka 1942, ndege za Uingereza zilipouchoma mji: zimeachwa palepale zilipoangukia, shaba imepasuka na kujikunja, na sakafu chini yake imevunjikavunjika. Je, yupo msomaji aliyeingia katika kanisa la Mtakatifu Nikolai la Stralsund, lililoiga mfano huu, atueleze linavyolingana nalo kwa ndani?